Usukani Uliokuwa Mbali na Mikono Yangu

Pikipiki niliyokabidhiwa na ofisi ya wilaya ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono mirefu kuliko yangu. Nilikuwa nesi wa chanjo, mfupi, sijafika miaka thelathini, na kabla ya hapo sikuwahi kuendesha kitu chochote chenye injini. Dereva wa ofisi alinifundisha kwa siku nne kwenye uwanja wa mpira pale Musoma. Siku ya tano nilifunga sanduku la barafu nyuma ya kiti, nikajifunga kilemba kwa sababu ya vumbi, nikaelekea Butiama peke yangu.

Usukani ulikuwa mnyoofu, mfupi na wa chini. Ili niushike ilinibidi niiname mpaka kifua kikaribie tangi la mafuta, na uzito wangu wote ukaangukia viganja. Barabara ilikuwa ya changarawe iliyojikunja kama matuta ya viazi, matuta madogo yasiyokwisha, na kila tuta lilipanda kwenye chuma kile likaniingia mikononi. Nilipofika, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Nilivisugua kwenye sketi, damu ikarudi ikiuma kama siafu. Nikacheka. Nilidhani ni ugeni tu.

Haukuwa ugeni. Baada ya miezi sita ganzi ilishika vidole vitatu, kisha vinne, mikono yote miwili, na haikuondoka tena kwa kusuguliwa. Nilikuwa nafika kijijini nakuta akina mama wamepanga mstari tangu asubuhi, watoto wanalia, na mimi nafungua sanduku kwa vidole nisivyovisikia. Sirinji zetu zilikuwa za glasi, za kuchemsha. Kuishika sirinji ya glasi bila kuisikia ni kama kushikiwa na mtu mwingine. Nilikuwa naikodolea macho ili nijue kama bado ninayo. Siku moja Butiama sindano ilinitoka ikaanguka mchangani mbele ya mama mmoja aliyekwisha kumfunua mtoto wake paja. Nilisema imeteleza kwa jasho. Yule mama akanitazama, akatazama mikono yangu mikavu.

Sikumwambia mtu. Pikipiki zilikuwa mbili tu kwa wilaya nzima, na ofisini kulikuwa na wanaume waliosema waziwazi kwamba mwanamke ataiharibu. Ningesema mikono inakufa ganzi, ingechukuliwa siku hiyohiyo, na mimi ningerudi wodini kufunga vidonda. Nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya watoto wa vijijini, maana nani mwingine angewafikia? Nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa naipenda ile pikipiki, na nilipenda kuonekana juu yake.

Kisha likaja la Bukima. Kule ni kwetu, upande wa ziwani, na kila mwezi nilikuwa nachanjia chini ya kibaraza cha zahanati. Mama mmoja, mke wa mvuvi, alinijia kabla sijateremka vizuri. Alikuwa amembeba bintiye wa miezi mitano hivi.

"Nesi, tazama hapa," akasema, akafunua kitenge. "Ni hapa ulichomaga mwezi ule."

Paja la mtoto lilikuwa limevimba, gumu, la moto. Lilikuwa jipu, na lilikuwa mahali hasa nilipochoma. Niliwaandikia barua ya hospitali, wakaenda Musoma kwa lori la samaki, jipu likapasuliwa. Mambo kama hayo yalikuwa yanatokea siku zile. Mafuta ya taa yalikuwa yanaisha kabla maji hayajachemka sawasawa, sabuni ilikuwa haipatikani, sindano moja ilitumika mpaka ikawa butu. Huenda ilikuwa maji. Huenda ilikuwa sindano. Lakini pia huenda kidole changu kiligusa ncha ya sindano nisijue, au niliisukuma vibaya nisijue, kwa sababu mkono ulikuwa umekufa. Sikuweza kujua, na hilo la kutojua likaanza kunila.

Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi moja kikombe cha uji kilinitoka mkononi, cha tatu wiki ile, na vikombe wakati ule ukivunja huvipati dukani.

"Mkono una nini?" akaniuliza.

"Kimeteleza."

"Kikombe hakina mafuta. Nauliza mkono."

Nikamwambia yote, isipokuwa la mtoto wa Bukima. Alisikiliza mpaka mwisho, akaokota vipande, kisha akasema, "Usiache kazi. Badilisha pikipiki." Nikamwambia ni ya serikali, haibadilishwi. Akasema, "Basi badilisha mahali inapokuumiza."

Yeye ndiye aliyenitajia fundi. Alikuwa mzee Mwislamu mwenye karakana ya mabati karibu na soko la Musoma, baba yake mtu wa pwani, mama yake Mkurya. Alikuwa amekereza vyuma mgodini Kiabakari miaka mingi mpaka mgodi ulipofungwa. Nilikwenda na pikipiki saa sita mchana, saa ambayo watu wa ofisi wanakula, na bado nilikuwa nageuka nyuma kila pikipiki au gari lilipopita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Inaumwa nini?"

"Yenyewe haiumwi. Mimi ndiye ninayeumwa."

Hakucheka. Aliisimamisha kwa stendi ya katikati akaniambia nikae juu yake. "Usishike kitu. Fumba macho. Legeza mabega. Haya, inua mikono kama unapokea mtoto kwa mama yake."

Nikainua.

"Usiishushe. Fumbua."

Nilifumbua macho nikaiona mikono yangu imekaa hewani, viwiko vimekunjika kidogo, mgongo umesimama. Usukani ulikuwa kule mbele na chini. Fundi akaweka shubiri yake kati ya kiganja changu na mpini, akaongeza vidole vinne.

"Hapo ndipo mikono yako inapotaka kukaa," akasema. "Kila siku unaivuta kwenda mahali isipotaka, na wewe unailalia kwa uzito wote. Mshipa wa hapa," akagusa chini ya kiganja changu upande wa kidole kidogo, "unakandamizwaga mpaka unakufa."

Alitaka kufanya mambo mawili. Kwanza atakereza vipande viwili vya chuma kigumu, vipandishio, avikalishe chini ya vishikizo vya usukani ili upande juu. Pili, kwa sababu kupandisha peke yake hakutauleta karibu, atafute usukani mwingine, mpana zaidi na wenye mikono iliyopinda kurudi nyuma. Kisha akaizunguka pikipiki akasimama mbele ya namba zake.

"Hii ni ya serikali."

"Ndiyo, mzee."

"Una barua?"

"Sina."

Alifuta mikono kwa kitambaa cha mafuta, kidole kimoja kimoja. Wakati ule watu walikuwa wanakamatwa kwa vitu vidogo kuliko usukani. Niliona anafikiria kunirudisha, na nikajisikia nafuu na huzuni kwa pamoja.

"Sitatoboa," akasema mwishoni. "Sitachomelea. Sitakata. Vyao vyote nitavifunga kwenye gunia uvitunze kwako. Siku wakivitaka, ni spana tu. Lakini usiseme ni mimi mpaka uulizwe."

Nilichukua likizo ya siku kumi. Pikipiki ilitakiwa ibaki kwenye uwanja wa ofisi wakati wa likizo, nami nikamwambia afisa usafirishaji kwamba injini inapiga kelele na fundi wangu atanisaidia. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza ofisini. Akasema, "Iwe hapa Jumatatu ya wiki ya pili, Bukima wanasubiri," akaendelea kuandika.

Vyuma vya kukereza vipandishio fundi alikuwa navyo, mabaki ya mhimili wa mashine aliyoyaleta mwenyewe kutoka Kiabakari. Usukani hakuwa nao. Alisikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa vyuma chakavu Bunda anao, umetoka kwenye pikipiki iliyokufa. Nikapanda basi kwenda Bunda, nikamkuta, tukakubaliana, akanipa usukani wenye kutu ya juu juu lakini haujapinda pasipotakiwa. Niliujaribu palepale sokoni, nimesimama kati ya magunia ya dengu, nimefumba macho kama fundi alivyonifundisha. Watu walinitazama kama niliyerukwa na akili. Lakini mipini ilinijia mikononi yenyewe.

Niliufunga kwenye khanga nikapanda basi la kurudi nimeupakata. Karibu na Kiabakari tukakuta kizuizi. Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi, na mgambo walikuwa wanapekua kila mzigo kutafuta sabuni, vitambaa, mafuta ya kula, chochote kilichofichwa. Vipuri vya magari navyo vilikuwa kwenye hesabu ya vitu vya kufichwa. Niliona mama mmoja akishushwa na debe lake. Niliona mwanaume akiulizwa risiti ya taa ya baiskeli. Mgambo alikuja safu kwa safu, na mimi sikuwa na risiti, sikuwa na barua, nilikuwa na usukani unaotoka nje ya khanga kama pembe za mnyama.

"Fungua," akasema.

Nikafungua.

"Nini hii?"

"Usukani wa pikipiki."

"Ya nani?"

Ningesema yangu, angeuliza kadi. Ningesema ya serikali, angeuliza barua. "Ya kazini," nikasema. "Mimi ni nesi. Ninachanja watoto. Huo wa zamani unaniumiza."

Aliushika, akaupindua, kutu ikamshika viganja. Akaipangusa kwenye suruali yake kwa kuchukia. "Chuma chakavu namna hii nacho unakifunga khanga?" Abiria wakacheka. Akanirudishia akaenda safu ya nyuma. Tulipoondoka sikuweza kuifunga ile khanga tena. Niliacha usukani wazi mapajani mpaka Musoma, jasho limelowesha blauzi yote mgongoni.

Fundi alifanya kazi siku tatu. Siku ya nne nilikwenda nikiamini nitaondoka nayo. Vipandishio vilikuwa vimekaa, vifupi, vinene, vinang'aa, na usukani wa Bunda umesuguliwa ukafungwa juu yake. Nilipanda. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye pikipiki ile kama mtu anayekaa kwenye kiti. Nilitaka kulia.

"Usifurahi bado," fundi akasema. "Washa."

Niliwasha. Injini ikanguruma taratibu.

"Usiguse mafuta. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho."

Niligeuza. Injini ikapiga yowe peke yake, ikapanda juu kama nimefungua mafuta yote, na mimi sikuwa nimegusa kitu. Nilishtuka nikarudisha usukani katikati, ikatulia.

"Umeona? Waya wa mafuta ni mfupi. Usukani umepanda, waya haukupanda. Ukikata kona unauvuta, pikipiki inakimbia yenyewe, na wewe uko katikati ya kona. Watu wanakufaga hapo, halafu wenzao wanasema alikuwa anaendesha kwa fujo."

"Jumatatu lazima iwe ofisini, mzee."

"Jumatatu itakuwa ofisini ikiwa tayari. Isipokuwa tayari, wewe ndiye utakayekwenda ofisini bila yenyewe."

Zilibaki siku tano. Waya mpya haukuwepo Musoma nzima. Kila asubuhi nilipita karakana, na kila asubuhi pikipiki ilikuwa imefunikwa turubai na fundi anatikisa kichwa. Mara mbili nilimwona dereva wa ofisi sokoni, mara mbili nikageuza njia. Siku ya nane ya likizo fundi aliamua kupitisha nyaya kwingine: alizitoa nyaya za mafuta na za klachi kwenye njia zake za nje, akazipitisha kati ya miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, chini ya taa, akapata karibu shubiri nzima. Wa breki ya mbele ulitosha. Tukawasha, nikageuza kushoto, nikageuza kulia, nikarudia mara kumi. Injini ikabaki na ngurumo ileile.

Kabla sijaondoka alinishika mkono wa nguo. "Hizi nati nne zinazobana usukani. Chuma kipya juu ya chuma kipya kinajitafutiaga mahali pa kukaa. Baada ya safari ya kwanza, kaza. Baada ya ya pili, kaza tena. Spana namba kumi na mbili. Umesikia?"

Nilisikia.

Jumatatu nilifika ofisini mapema nikaiegesha nyuma kabisa, upande wa ukuta, usukani nimeuelekeza kivulini. Afisa usafirishaji aliuliza tu kama injini imepona. Nilikwenda Bukima na kurudi, na vidole vyangu vikabaki vyangu. Niliisikia baridi ya sirinji. Niliusikia ule mguso mdogo wa sindano ikiingia kwenye nyama, ambao nilikuwa nimeusahau. Ningepaswa kuimba njia nzima. Badala yake nilikuwa nawaza nani ameuona usukani.

Na spana namba kumi na mbili sikuwa nayo. Ilikuwepo stoo ya ofisi, lakini stoo ilishikwa na afisa usafirishaji, na kila anayeazima alitakiwa kueleza anakwenda kukaza nini. Kwa fundi nilikuwa naogopa kuonekana tena. Mume wangu alikuwa semina Tarime. Nilijaribu nati kwa vidole, zikaonekana ngumu. Safari ya pili nikaenda hivyohivyo. Ya tatu pia.

Safari ya tatu ilikuwa ya Butiama. Nilipita Kiabakari nikaacha barabara kuu, na kwenye mteremko mmoja wenye matuta mabaya sana nilihisi mikono yangu inashuka. Nilidhani ni mimi nimeinama. Nikajivuta nyuma, na usukani ukanifuata, ukazunguka ndani ya vishikizo vyake kama mpini wa jembe uliolegea, mipini ikaangukia tangi la mafuta. Sikuwa tena na cha kugeuza. Breki ya mkono ilikuwa imeelekea mahali vidole visipofika. Nilikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma likapepesuka, pikipiki ikaacha barabara ikaingia kwenye ua wa minyaa wa shamba la mtu na kuzimika.

Nilibaki nimekaa juu yake, maji meupe ya minyaa yakinidondokea begani, nikawa nahesabu viungo vyangu. Vyote vilikuwepo. Sanduku la barafu lilikuwa limefungwa bado. Kisha nikaona, hatua kama tano chini ya pale niliposimama, kijia kinachokatiza mteremko, na wanawake watatu waliokuwa wanakwenda Butiama kliniki na watoto mgongoni. Walikuwa wamesimama wameshika vinywa. Kama minyaa isingekuwepo ningewaingilia.

"Nesi, umepona?" mmoja akaita.

Niliwapungia mkono kwamba nimepona.

Mwenye shamba alitoka na spana ya baiskeli yake, haikutosha. Akaenda kwa jirani mwenye mashine ya kusaga, akaja na namba kumi na mbili. Nilirudisha usukani mahali pake nikazikaza zile nati nne, na kila moja ilizunguka karibu nusu mzunguko kabla haijashika. Nusu mzunguko! Nilikuwa nimekwepa swali la mtu mmoja stoo, na kwa sababu hiyo nilikaribia kuua watu niliokuwa nakwenda kuwakinga.

Nilichanja Butiama siku ile. Nilirudi Musoma kwa mwendo wa baiskeli, na sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mganga mkuu wa wilaya, nguo zikiwa na utomvu wa minyaa.

Nilisimama mbele ya meza yake nikaeleza yote kwa mfululizo, usukani, Bunda, uongo wa injini, mteremko. Fundi sikumtaja. Nilitegemea atauliza nani amenipa ruhusa ya kugusa mali ya umma. Alivua miwani.

"Ganzi ilianza lini?"

"Tangu mwaka jana, daktari."

"Na ulikuwa unachoma watoto?"

"Ndiyo."

"Kwa mikono usiyoisikia."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza. "Usukani ni chuma," akasema. "Chuma tunaweza kukijibia kwa barua. Hilo la pili nani atalijibia?"

Ndipo nikamwambia la mtoto wa Bukima. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa mdomo. Alinisikiliza, akasema kwamba jipu lile lingeweza kutoka kwenye mambo mengi na kwamba si mimi wala yeye atakayejua kamwe. Nilitaka aseme si wewe. Hakusema. Aliandika barua mbili: moja kwa afisa usafirishaji kuruhusu usukani ubaki kwa sababu za kiafya, na nyingine ya kuniondoa kwenye sindano kwa mwezi mmoja mpaka mikono yangu ipimwe. Afisa usafirishaji alipoisoma ya kwanza alikwenda kuitazama pikipiki, akaizunguka, akasema, "Ungeniambia. Mimi mwenyewe mgongo wangu umekwisha kwa ile nyingine." Sikujua nicheke au nimpige.

Mwezi ule sikulala vizuri. Nilipopimwa, vidole vilikuwa vimerudi karibu vyote. Safari ya kwanza niliyoiomba ilikuwa Bukima.

Nilimkuta yule mama nyumbani kwake karibu na ziwa, anageuza dagaa juu ya nyasi. Bintiye alikuwa ameketi kwenye mkeka, anavuta nyavu kuukuu. Kwenye paja kulikuwa na kovu la ukubwa wa punje ya hindi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, na yote yalinikimbia. Nikasema tu kwamba siku ile nilipomchoma mwanawe, mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa pikipiki, sikuwa naisikia sindano, na nilijua, na nilichoma hivyohivyo.

Aliendelea kugeuza dagaa. Nilidhani hakusikia.

"Tuliona," akasema. "Mikono yako ilikuwa inahangaika. Tuliongeaga hapa, wanawake, tukasema nesi anaumwa."

"Mbona hamkusema?"

"Wewe ndiye nesi." Akanyanyuka, akajipangusa magamba mikononi. Sauti yake haikuwa ya kusamehe wala ya ugomvi. "Ila wewe ungesema. Ungetuambia, jamani, nimechoka, ngoja mikono irudi. Tungekungoja. Tunangojaga mitumbwi siku nzima, tungeshindwa kukungoja wewe?"

Nilimwomba nimtazame mtoto mguu. Akamwinua bintiye akanipa. Niliukunja ule mguu mdogo, nikaunyoosha, nikapapasa kuzunguka kovu polepole. Mtoto alinipiga teke kifuani, teke la nguvu, mama yake akacheka kidogo kwa mara ya kwanza.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikifika kijiji chochote nawaambia wazi: nipeni muda mikono ipumzike. Nilikuwa nakaa, nafungua na kufumba vidole mbele ya watu wote, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nati nne nilizikaza kila Ijumaa, kwa spana ya stoo, bila kueleza.

Miaka ya ruksa ilipoingia, biashara ikaachiwa huru, maduka ya Musoma na Bunda yalijaa vipuri. Usukani wa kila umbo ulining'inia milangoni kama miwa, nyaya ndefu na fupi, unachagua. Ofisi ilipata pikipiki mpya, na ile yangu ikauzwa kwenye mnada pamoja na meza mbovu. Watu walidhani nitahuzunika. Nilikuwa nimeshughulika na jingine: wafadhili walileta sirinji za kutupa, za plastiki, nyepesi sana, na kwa wiki nyingi nilizizoea kwa shida, nikihofia kila mara kwamba nimeisukuma kupita kiasi. Hofu haikuniacha kabisa mpaka nilipostaafu. Hata sasa, asubuhi za baridi ya Juni, kidole kidogo cha mkono wa kulia kinachelewa kuamka, nami nakaa kitandani nakisugua, nikikingoja.